Vuta Kope Nione

Deventer, 29 Machi 2020

Shangazi Baukje,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi karibu na jiko lako, mlango umefungwa, na aliyeufunga ni wewe mwenyewe. Huku sisi tuko salama. Wessel anafundishia jikoni, wanafunzi wake wote wamejaa kwenye kompyuta, na mimi mke wake napita nyuma kwa kunyata ili darasa zima lisinione nikiwa na taulo kichwani. Baba anakusalimu sana. Anasema watu wa kisiwani sasa mmepata mlichokitaka siku zote: meli haishushi wageni.

Kazi, Shangazi, sijui nianzie wapi. Wewe uliyezalisha huko kisiwani Schiermonnikoog miaka yote ile, boti ikiwa imekwama kwenye barafu, ungetucheka. Barakoa hatuna. Hospitali ndizo zinazopewa kwanza, sisi wakunga wa majumbani tunaambiwa tuvumilie. Mwenzangu Carolien alipata boksi moja kwa fundi rangi. Mimi mtoto wa jirani amenipa miwani yake ya kuogelea, na ndiyo ninayovaa ninapozalisha. Juzi mume wa mtu alikuwa anakohoa, ikabidi nimtoe akakae kwenye gari nje. Mtoto alipolia nilifungua dirisha asikie. Akapiga honi mpaka mtaa mzima ukatoka. Nilicheka, kisha nikaingia choo chao nikalia.

Kinachonisumbua zaidi ni simu. Tumeambiwa tupunguze kwenda majumbani, kwa hiyo mama akishajifungua tunampigia. Nimetunga maswali mwenyewe na ofisi nzima inayatumia: damu inatoka kiasi gani, una homa, mtoto ananyonya, unalala? Wote wananijibu "mzima, mzima." Unatujua watu wa nchi hii, mtu amevunjika mguu atakuambia mzima. Nakata simu nikiwa sijajua lolote.

Ahsante kwa jibini, lilifika. Nimempa Bibi Ten Have wa mlango wa pili maana hatoki siku hizi. Nimekufungia nyuzi za sufu za kijivu, najua duka la huko halina.

Kaa ndani. Una kifua kibovu, na umri wako ndio ule wanaoutaja kila taarifa ya habari. Niahidi.

Binti yako,
Hiske

Schiermonnikoog, 7 Aprili 2020

Hiske mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Bata bukini wamejaa malishoni, wanakula majani ya wakulima bila aibu, hoteli imefungwa, na sauti pekee ninayoisikia kwa sikio langu moja zuri ni ya saa ya ukutani. Mwambie kaka yangu kwamba kweli wageni hawashuki, lakini bia bado inashuka.

Sasa hayo maswali yenu ya simu. Mwanamke mzazi haulizwi, anatazamwa. Akikuambia mzima, mwambie avute kope la chini la jicho. Ndani pakiwa pekundu, kunywa chai yako uende. Pakiwa peupe, damu imempungua, usivae koti. Nilikufundisha hilo ukiwa mwanafunzi, ukaniambia siku hizi kuna vipimo vya damu. Haya, vipimo vinapita kwenye simu?

Ila kuna jambo linanikera tangu tarishi alete barua yako, nalo ni jibini. Lile ni jibini la maziwa mabichi la kwa Hoekzema. Unalisubiri mwaka mzima, na mwaka juzi ulimficha hata mumeo. Leo umelitoa sadaka? Tena kwa Bibi Ten Have, ambaye wewe mwenyewe uliniambia hali jibini kwa sababu ya kiungulia?

Nani anayekatazwa jibini la maziwa mabichi? Wewe na mimi tunajua, kwa kuwa ndilo tunalowaambia wenzetu kila siku ya Mungu. Basi nakuuliza waziwazi: una mimba?

Shangazi yako,
Baukje

Kuhusu kukaa ndani: natoka kununua mkate tu.

Deventer, 24 Mei 2020

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Wessel hajambo, amefuga ndevu na hazijampenda. Baba amepanda viazi mpaka kwenye kitanda cha maua cha mama.

Kazi imezidi. Wanawake wanaogopa hospitali, kila mmoja sasa anataka kuzalia nyumbani, hata wale walioniapia kwamba hawatathubutu. Naingia majumbani nikimshuku kila mtu. Wananificha kikohozi ili baba asitolewe nje. Mmoja aliniambia ni vumbi. Nikamuuliza vumbi la wapi, nyumba inanukia sabuni mpaka macho yanawasha. Na wao wananishuku mimi. Mama mmoja aliniambia niache viatu nje, koti nje, begi nje, "na wewe mwenyewe ungebaki nje ningeshukuru." Zamani nilikuwa nakaribishwa kwa kahawa. Afadhali tu, maana kahawa yenyewe siku hizi siitaki, nimemwambia Carolien ahamishie mashine yake stoo.

Kiungulia cha Bibi Ten Have kimepona. Watu hubadilika.

Sasa zamu yangu. Baba alizungumza na Klaas wa duka la mkate. Klaas anasema kila Jumatano unapita na baiskeli mbele ya duka lake, husimami, unaelekea mashambani, na nyuma umefunga lile begi lako la ngozi. Begi la ukunga, Shangazi. Huko mashambani wanaoka mkate gani?

Hiske

Schiermonnikoog, 2 Juni 2020

Hiske,

Marahaba. Mimi mzima, na Klaas pia mzima, hasa mdomo wake. Kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa macho yote mawili anaona mbali mno. Nakwenda kuchukua mayai. Begi lile lina mifuko mizuri ndani, mayai hayagongani.

Nilikuuliza swali moja, ukaniletea tumbo la Bibi Ten Have. Na sasa umeacha kahawa. Wewe, uliyekuwa unakunywa kahawa nzito mpaka kijiko kinasimama, leo harufu yake tu inakufukuza ofisini!

Sitauliza tena. Nakukumbusha jambo dogo tu: mkunga mwenye mimba, akifika wiki ya ishirini na nane, haingii tena nyumba za watu mpaka balaa hili lipite. Si mimi niliyeweka amri hiyo, lakini nimefurahi kuisikia redioni, na nimeiandika kwenye kalenda yangu ya jikoni mahali ninapoiona kila asubuhi. Hiyo kalenda hainidanganyi, nilianza kuhesabu tangu siku ya jibini.

Meli imeanza kuleta wageni. Nitaufunga mlango vizuri.

Baukje

Deventer, 2 Agosti 2020

Shangazi,

Shikamoo. Joto limetupiga, Wessel ameweka miguu kwenye beseni tangu asubuhi. Ndevu amezinyoa. Baba amevuna viazi vitatu vya maana na vingine vya kuchezea watoto.

Ofisini tumegawana kazi upya. Carolien anakwenda majumbani, mimi nashika simu. Ni mpango tu. Nawasikiliza kutwa, nao wananijibu mzima, mzima. Kila mmoja ananikumbusha maneno yako ya kope.

Nina ombi. Nahitaji yale magogo manne ya marehemu mumeo, Durk, aliyokuchongea ya kuinulia vitanda vya wanawake wanaojifungua. Kuna mzazi wangu mmoja huku, kitanda chake kiko chini sana, na unajua msaidizi wa uzazi akikuta kitanda kiko chini anageuza baiskeli yake, hataki kuvunja mgongo. Duka la kuazima vifaa limeishiwa kwa kuwa kila mtu anazalia nyumbani. Ungemkabidhi mtu wa meli, Baba angeyafuata bandarini.

Haraka hakuna. Mpaka Septemba hivi.

Hiske

Schiermonnikoog, 5 Agosti 2020

Hiske,

Marahaba. Mimi mzima.

Magogo hayapo. Yalioza, nikayachoma jikoni majira ya baridi.

Mwambie huyo mzazi wako atumie kreti za bia, na mumewe ndiye wa kuzimaliza kwanza. Ndivyo wengi walivyofanya kabla Durk hajanichongea yale. Anatarajia lini huyo? Anavimba miguu? Analala? Anakula nyama, au anaishi kwa mkate na siagi kama mtu mmoja ninayemjua? Kama umeamua kuishika simu, mshike na yeye vizuri. Mwambie kuna mzee mmoja kisiwani anamuulizia kila siku.

Baukje

Deventer, 23 Agosti 2020

Shangazi,

Shikamoo. Ulinijibu siku tatu tu baada ya mimi kukuandikia. Wewe hujawahi kunijibu upesi namna ile, hata siku ya arusi yangu. Hapo ndipo nilipojua unadanganya.

Wewe uyachome magogo ya Durk? Umeiweka mpaka leo kofia yake iliyoliwa na nondo! Na mwezi wa Februari nilipokuja nilipanguza vumbi bandani kwako. Yalikuwepo, mazima, yamepangwa juu ya rafu, na yananukia nta. Magogo hayo yako chini ya kitanda cha mtu, Shangazi. Cha nani? Unakwenda kwa nani kila Jumatano na kifua hicho, wakati nimekuomba kitu kimoja tu mwaka mzima?

Naona hatutafika popote hivi. Basi nianze mimi.

Mzazi mwenyewe ni mimi. Kitanda ni changu. Natarajia kujifungua katikati ya Oktoba, na nilitoka majumbani wiki ileile uliyoiandika kwenye kalenda. Sikukuficha kwa kukudharau. Mara ya kwanza nilikuandikia wewe kabla ya kila mtu, ukanifumia kofia, na baada ya wiki chache nikakuandikia barua ile nyingine. Mara ya pili hivyohivyo. Kofia mbili zimo kwenye droo yangu. Safari hii niliogopa kuandika barua ya kwanza, nisije nikaandika na ya pili.

Nijibu. Na usiniandikie mayai.

Hiske

Schiermonnikoog, 6 Septemba 2020

Hiske wangu,

Nilisoma barua yako nimesimama, nikaenda kukaa kwenye ngazi, nikalia mpaka paka akaja kutazama kuna nini. Nilikuwa najua tangu jibini. Lakini kujua kwa kushuku ni kitu kimoja na kuambiwa ni kingine. Na nimekukasirikia pia, nataka ulijue hilo. Mimba tatu, na ya tatu umeibeba mwaka wa balaa hili, ukiingia nyumba za wanaokohoa na miwani ya kuogelea!

Haya, na mimi niseme. Kitanda ni cha Maaike, mke wa mtoto wa Hoekzema, yule anayetengeneza jibini. Mkunga wake yuko ng'ambo na alikuwa akimpigia simu. Maaike ana miaka ishirini na miwili, mama yake amekufa. Alikuja mlangoni kwangu mwezi wa nne, akasimama kule kwenye ua, akaniuliza kwa sauti kama ni kawaida kusikia moyo unakwenda mbio. Ningemwambia nini? Soma kitabu? Nikaenda. Nilivaa barakoa, tukafungua madirisha, sikumbusu. Nilikwenda kumtazama tu.

Wiki iliyopita uchungu ulimjia kwa kasi. Helikopta iliitwa, ikaja, ikakuta mvulana ameshalala kifuani kwa mama yake na viazi vya mchana bado vinachemka. Mkunga wa ng'ambo alinikaripia sana, kisha akanipa kiwiko badala ya mkono. Sytze, mumewe Maaike, amepigilia korongo wa mbao mkubwa kama mlango mbele ya shamba, kila apitaye ajue kuna mtoto.

Magogo nimeyaosha kwa magadi na kuyaanika. Sytze anafanya kazi melini, atayafikisha bandarini Jumamosi. Wekeni kitanda sebuleni karibu na dirisha la mbele.

Kofia sifumi. Si kwamba sitaki.

Shangazi yako,
Baukje

Deventer, 18 Oktoba 2020

Shangazi,

Shikamoo. Tumepata msichana, Jumanne mchana, hapahapa nyumbani, juu ya magogo ya Durk. Anaitwa Fenna. Ana nywele nyeusi tii ambazo hakuna anayejua zimetoka wapi, na kidevu cha Baba. Ananyonya kwa nguvu, halafu analala midomo wazi. Analia akivuliwa nguo na kunyamaza akivalishwa. Vidole virefu. Kucha zinataka kukatwa, naogopa.

Kwa sababu ya magogo kitanda kiko juu sawasawa na kizingiti cha dirisha, kwa hiyo watu wanamwona wakiwa barabarani. Bibi Ten Have amekwishakuja mara tatu na kiti chake. Tumewawekea nje sahani ya mikate mikavu ya kumkaribisha mtoto, yenye vipunje vya sukari vya rangi ya waridi, kila mtu anajichukulia.

Siku iliyofuata Wessel alianza kukohoa. Amepimwa, anao. Yuko chumba cha darini, chakula namwachia kwenye ngazi. Kwa ajili hiyo msaidizi wa uzazi, wa kunitunza siku hizi za kwanza, haji. Carolien naye ana wazazi wengine na hataki kuwabebea ugonjwa, ila ananipigia kila asubuhi.

Usiwe na wasiwasi. Mimi mzima.

Hiske

Schiermonnikoog, 20 Oktoba 2020

Hiske,

Karibu duniani Fenna. Nimelitaja jina lake kwa sauti jikoni mara nyingi, paka sasa anadhani ni lake.

Umeniandikia kucha za mtoto na midomo ya mtoto. Juu yako wewe umeniandikia maneno mawili, na hayohayo mawili ndiyo niliyokuwa nikikuandikia wewe nilipokuwa nakudanganya kila Jumatano. Mistari yako inateremka kuelekea kulia. Hukuandikia mezani, umeandika umelala. Siku ya tano, mwanamke ambaye hawezi kutulia hata kwenye mazishi, anaandika barua amelala?

Siamini.

Barua hii naiweka posta sasa. Mimi mwenyewe napanda meli ya kesho asubuhi. Sijui nani atatangulia kufika, mimi au barua. Usinifungulie mlango. Pazia liache wazi.

Baukje

Deventer, 1 Novemba 2020

Shangazi wangu,

Shikamoo. Nimerudi nyumbani toka hospitali, Wessel ameshuka kutoka darini, amepona, ni mwembamba kidogo na anaomba radhi kwa kila kitu. Fenna ameongezeka. Nakuandikia yaliyotokea kwa sababu Baba anayasimulia mtaani vibaya, anasema ulivunja dirisha.

Uliitangulia barua yako. Niliamka nikakuona umesimama nje, barakoa mpaka machoni, mkono mmoja juu ya kioo. Nikamwinua Fenna. Ulimtazama vizuri, sikatai, machozi yaliloanisha barakoa. Kisha ukamwondoa kwa kidole hivi, kama mtu anayefungua ukurasa, ukaninyooshea mimi.

"Vuta kope!"

Nikajifanya sisikii. Kosa langu, maana wewe ndiye usiyesikia, kwa hiyo ulipaza sauti zaidi.

"Kope, Hiske! Nione!"

Mtu wa baiskeli akasimama. Nikavuta.

"Si la juu, la chini! Wewe ni mkunga au muuza maua?"

Bibi Ten Have akafungua dirisha lake. "Mpe anachotaka, Hiske, tupate amani!"

Nikavuta la chini, nikakusogezea uso mpaka kwenye kioo. Nilikuwa nangoja unipigie kelele nyingine. Ukashusha mkono kutoka kwenye kioo. Hapo ndipo nilipoogopa. Ukageuka, ukaenda kwa Bibi Ten Have, ukamtaka simu. Wewe, unayechukia simu maisha yako yote! Carolien ameniambia hukumsalimia. Ulimwambia, "Acha kumuuliza. Njoo umtazame," ukakata.

Lilikuwa ni pande dogo la kondo la nyuma lililobaki ndani. Nilikuwa natokwa na damu kidogo kidogo tangu siku ya kwanza. Daktari aliniambia siku mbili zaidi na angeongea na Wessel, si na mimi.

Unajua kinachonitia aibu? Carolien alinipigia kila asubuhi akanisomea maswali yangu mwenyewe, yale niliyoyatunga mwezi wa tatu, na mimi nikayajibu yote sawasawa. Damu kiasi gani? Kawaida. Nilijua ni jibu gani linamfanya mkunga akate simu kwa amani. Sikutaka aje, atoke kwangu na ugonjwa wa Wessel, aupeleke kwa mzazi mwingine. Nilidhani ni huruma. Miezi yote ile niliwashuku wanawake wote wa Deventer, nikamsahau huyu mmoja.

Kwa hiyo sitakuandikia tena kwamba mimi mzima. Nakuandikia hivi: kope bado limepauka ila linapata rangi, nakula maini na siyapendi, nikipanda ngazi napumzika katikati, jana nililia kwa sababu soksi ilipotea. Unaona? Si vigumu.

Sasa wewe. Walipokuwa wananiingiza kwenye gari la wagonjwa nilikuona kule kwenye ukuta wa Bibi Ten Have. Ulitupa mgongo, ukainama, ukakohoa ndani ya mkono wa koti. Tena ukakohoa. Ulidhani sikuoni. Umerudi kisiwani siku kumi na moja zilizopita na hujaniandikia hata mstari. Baba akipigia simu duka la mkate, Klaas anasema hajakuona ukipita, wala Jumatano.

Nijibu upesi, Shangazi. Na usiniambie ni upepo wa baharini.

Hiske

Schiermonnikoog, 4 Novemba 2020

Hiske mwanangu,

Marahaba. Nilikuwa nimeshaandika kwamba ni upepo wa baharini. Barua yako ilipofika nikaichana hiyo karatasi.

Si upepo. Nimepimwa, ninao. Kikohozi ulichokiona ukutani kilikuwa cha kifua changu kibovu, homa ilinijia baadaye. Sijui niliutoa kwenye meli, kwenye treni au wapi, na usianze kuhesabu ni kosa la nani, maana ningepanda tena meli ileile kesho. Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Usiku nililala kwa kukaa kwenye kiti cha Durk, na nilikuogopa wewe zaidi ya ugonjwa, jinsi utakavyonisema. Sasa homa imeshuka. Naweza kufika bandani na kurudi bila kushika ukuta. Chakula hakina ladha, hata jibini, na hilo ndilo lililoniliza.

Maaike huja dirishani kila mchana, mvulana amemfunga kifuani, supu ananiachia kizingitini. Leo amegonga kioo akaniambia nivute kope. Nikamwambia hilo ni la wazazi, halihusiani na korona, ajifunze kwanza kabla ya kuamrisha watu wazima. Akasema, "Vuta tu, Bi Baukje, mimi sina haraka." Alisimama pale kwenye mvua na mtoto wake mpaka nikavuta.

Nyuzi zako za kijivu nimezitoa kabatini. Ninafuma safu chache, napumzika, nafuma tena. Kofia itakuwa kubwa kidogo, ataivaa akikua.

Barua hii nimeiandika nimekaa mezani. Chukua rula uipime mistari, najua utafanya hivyo.

Shangazi yako,
Baukje